Mguu Ukivunjika: Tiba na Uangalizi Nyumbani

Kuteleza bafuni, kukanyaga shimo gizani au kuanguka na bodaboda: ajali kama hizi huvunja mifupa ya kifundo cha mguu na ya unyayo. Mifupa mingi huunga yenyewe ikikaa mahali pake na kupewa muda. Mara nyingi kinacholeta kilema ni kuchua mguu, kuufunga kwa kuubana au kuukanyagia kabla ya wakati.

Umeteguka au umevunjika?

Kuweza kuchezesha vidole si dalili kwamba mguu ni mzima. Nenda ukapigwe picha ya eksirei ikiwa:

- huwezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea;
- ukibonyeza mfupa wa kifundo, ndani au nje, au mifupa ya katikati ya unyayo, unaumia sana;
- mguu umepinda, umevimba sana au umekufa ganzi.

Mtoto, mzee na mwenye kisukari wasisubiri. Kisukari kinaweza kufisha hisia za miguu, mtu akatembelea mfupa uliovunjika bila maumivu makali.

Kabla ya kufika hospitali

1. Vua kiatu na vikuku mapema, kabla uvimbe haujazidi.
2. Funga mguu kwa ubao au boksi gumu na khanga, kuanzia chini ya goti hadi unyayoni. Uache ulivyo, usiunyooshe.
3. Uinue juu ya mto. Weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20.
4. Usichue wala usikande kwa maji ya moto.
5. Kukiwa na jeraha, lifunike kwa kitambaa safi na uwahi hospitali. Usirudishe mfupa ndani, usipake majivu. Jeraha hilo linahitaji kusafishwa, antibayotiki mapema na kinga ya pepopunda.

Tiba hospitalini

Mfupa ambao haujahama hufungwa hogo, yaani P.O.P. Uliohama hurudishwa mahali pake kwa dawa ya ganzi au usingizi, kisha hufungwa. Kifundo kisichotulia huhitaji upasuaji na kuwekewa vyuma. Kidole kidogo cha mguu mara nyingi hufungwa tu pamoja na jirani yake, pamba ikiwa katikati.

Kidole huchukua wiki 4 hadi 6 kuunga. Kifundo wiki 6 hadi 12. Sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Ndugu wakishauri mganga wa kuunga mifupa, kumbukeni kuwa vijiti vilivyokazwa juu ya uvimbe vinaweza kuzuia damu, hadi mguu ukakatwa.

Siku za hogo

Siku za mwanzo, lala mguu ukiwa juu kuliko moyo. Chezesha vidole na goti mara kwa mara. Hogo lisilowe, na usiingize spoku wala kijiti kujikuna. Tumia magongo, na usikanyagie mpaka daktari aruhusu. Kula dagaa, maharage, mayai, maziwa na mboga za majani.

Rudi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- maumivu yanazidi licha ya dawa na kuinua mguu;
- vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi;
- harufu mbaya, usaha au homa;
- nyama ya nyuma ya mguu imevimba na inauma, au unabanwa kifua na kukosa pumzi ghafla. Huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Hogo likibana, usingoje tarehe ya kliniki.

Baada ya kutolewa hogo

Mguu utakuwa mwembamba, mkavu na mgumu. Hiyo ni kawaida. Peleka unyayo juu na chini, kisha uzungushe, mara kadhaa kwa siku. Daktari akiruhusu, simama kwa mguu huo ukishika ukuta ili kurudisha uimara. Uvimbe wa jioni unaweza kudumu miezi kadhaa; ukikaa, inua mguu.

Dereva wa bodaboda asirudi barabarani kwa sababu tu hogo limetoka. Breki ya nyuma ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu wa kulia: asubiri mpaka aweze kuikanyaga kwa nguvu bila kuumia, na daktari akubali.

Familia, msaidieni mgonjwa kuhudhuria kliniki na mazoezi ya viungo mpaka mwisho. Tiba haiishi siku hogo linapotolewa. Huisha anapotembea vizuri.