Diski: Kache kubwa si lazima iwe kasi kubwa

MFANYABIASHARA anayenunua kompyuta ya kutunzia hesabu za mazao huonyeshwa kwanza maandishi ya kwenye boksi: diski ya terabaiti 1, kache ya megabaiti 256. Muuzaji hunakili filamu moja kubwa, kazi inakwisha upesi, fedha zinatolewa. Kompyuta ikifika Chiola, wilayani Nachingwea, karani akaanza kutafuta uzito wa korosho za mkulima mmoja mmoja, inasuasua. Muuzaji hakudanganya. Alipima kazi nyingine.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Kila ombi hukilazimu kichwa cha kusomea kuhamia kwenye mstari unaotakiwa, takriban milisekunde 8, kisha kungoja sahani ilete kipande chenyewe, wastani wa milisekunde 4. Kwa hiyo maombi yaliyotawanyika hayazidi sana 80 kwa sekunde, yawe makubwa au madogo. Ni sawa na lori linalotumwa Chiola kutoka Nachingwea mjini: safari ni ile ile, lilete gunia moja au lijae.

Chukua kumbukumbu 10,000 za wakulima, kila moja kilobaiti 4. Zikisomwa moja moja huku zimetawanyika, zitachukua kama dakika mbili. Data hizo hizo, megabaiti 40 tu, zikiwa zimepangwa mfululizo na kuombwa kwa mafungu makubwa, diski ya megabaiti 150 kwa sekunde huzimaliza kabla sekunde haijaisha.

Kache ni kumbukumbu ndogo ya umeme ndani ya diski, mfano wa stoo ya mlangoni. Diski husoma mbele na kuweka humo vipande vinavyofuatana, hivyo maombi madogo yanayokwenda kwa mpangilio hujibiwa papo hapo. Lakini megabaiti 256 ni kama sehemu moja kwa 4,000 ya terabaiti 1. Anayerukaruka ndani ya faili kubwa hakuti kitu stoo. Aidha, mfumo wa kompyuta hutumia RAM iliyo wazi kwa kazi hiyo hiyo, na RAM huhesabiwa kwa gigabaiti. Fedha ya kuongezea kache ni heri iende huko. Diski za SSD, zisizo na sahani wala kichwa, hujibu ombi dogo kwa chini ya milisekunde moja.

Dukani, mnunuzi aombe jaribio la faili ndogo nyingi, jumla yake ipite kache na RAM. Vinginevyo anapimiwa stoo, si ghala.

Upande wa kuandika ndiko kwenye hasara. Diski huweza kujibu "imepokelewa" wakati data bado iko kwenye kache. Umeme ukikatika hapo, uzito uliopimwa asubuhi hupotea, na kwenye stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, kilo zisizoandikwa huzua ugomvi wa malipo. Kuzima kache ya kuandika hupunguza hatari hiyo, ila kazi hupungua kasi mno. Wengi hununua UPS, inayotoa dakika chache za kufunga hesabu na kuzima mashine taratibu. Betri yake ijaribiwe kabla mnada wa kwanza haujafika.