SHANGAZI ANAJIBU: Je, kitanda cha gari kitawalaza wanangu?

Shikamoo Shangazi. Tunakaa Kyaliwajjala. Nina binti wa miaka 7 na mvulana wa miaka 4. Tangu tuwahamishie chumba chao, kila usiku ni vita: mara maji, mara choo, mara wanaogopa. Usingizi unawachukua saa 4, na saa 12 kasorobo alfajiri gari la shule linapiga honi getini. Mwalimu ananiambia binti anasinzia darasani. Baba yao ameona dukani kitanda chenye umbo la gari la mashindano, anasema tukikinunua watakimbilia kulala wenyewe. Bei yake inakaribia karo ya muhula. Tununue?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa umri wa binti yako anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na mdogo wake saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana. Anayelala saa 4 na kuamshwa saa 11 amepata saa 7 tu. Mwalimu hakukosea. Wanao wanatakiwa wawe kitandani saa 2 usiku. Hapa kwetu jua huzama kwenye saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo giza liko upande wako.

Baba yao naye ana hoja, maana mtoto hukipenda kilicho chake. Lakini karo ya muhula isiishie dukani. Wachukue watoto Jumamosi mwende Nsambya, ambako mafundi hupanga vitanda kando ya barabara, au Ndeeba, kwenye mbao. Mbao za paini zatosha. Waache wao waseme wanataka kitanda cha namna gani.

Mjukuu wangu alitaka kamunye. Fundi alitengeneza kitanda cha kawaida, akaongeza ubao ubavuni, akaupaka rangi nyeupe na ule ukanda wa vimraba vya buluu kama teksi za mjini. Kijana mwenyewe alipaka vimraba vitatu, vimepinda hadi leo. Kila usiku huita abiria wa Ntinda, dada yake akapanda, nami nikawafunika. Akichoka husema "mu maaso awo", kama abiria anayetaka kushuka, nami najua safari imekwisha.

Mkichagua kitanda cha ghorofa, mdogo alale chini. Aliye chini ya miaka 6 hafai kulala juu. Mwambie fundi aweke kingo pande zote mbili za kitanda cha juu, hata upande wa ukutani. Kingo zipande angalau inchi 5 juu ya godoro. Pimeni godoro likiwa limeshawekwa, kwa sababu godoro nene humeza kingo. Nafasi kati ya mbao zisizidi inchi 3 na nusu, mwili wa mtoto usije ukapenya kichwa kikabaki kimenasa. Ngazi ifungwe kwa skrubu. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi, na ikauke kabisa kabla hawajalala humo.

Sasa jambo ambalo duka halikumwambia baba yao. Kabla hamjalipa, uliza chandarua kitaning'inia wapi. Mbu wa malaria huuma usiku, na kitanda kizuri kisicho na mahali pa kufunga chandarua hakifai Kampala. Mwambie fundi asimamishe nguzo nne na kuziunganisha juu kwa fito. Chandarua kikitandwa hapo na kuchomekwa chini ya godoro, mtoto ana hema lake. Anayeogopa giza hupenda nyumba ndogo ndani ya nyumba. Hapo mchezo na kinga vimekuwa kitu kimoja, na kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na hema hilo juu ya vitanda mlivyo navyo.

Ila mwanangu, kitanda humwita mtoto, hakimlazi. Wiki ya pili upya utakwisha, na kitakachobaki ni mazoea. Saa 1 na nusu televisheni na simu vizimwe, zenu pia. Waoge, waende chooni, wanywe maji, ili visingizio viishe kabla ya kupanda. Kisha mmoja wenu aingie chumbani, asimulie hadithi moja, ileile hata mara kumi wakitaka, azime taa. Akitoka mtoto, mrudishe kwa upole bila mazungumzo. Siku za kwanza utarudisha mara nyingi. Usikate tamaa.

Mwambie baba yao hivi: pesa ya gari lile ibaki ya karo, na zamu ya hadithi leo ni yake.