Daftari la Mzee Kazungu

Mzee Kazungu ni dereva huko Kenya. Mshahara wake hukatwa kodi na mwajiri. Pia ana vyumba 6 vya kupangisha. Kila chumba ni shilingi 3,500 kwa mwezi.

Mwaka jana alitia risiti zake zote katika mfuko nyuma ya mlango. Mwezi wa Juni alikwenda saiba kujaza ritani. Alipozitoa, nyingi zilikuwa nyeupe. Wino ulikuwa umefutika! Risiti za mashine haziwezi joto. Alikuwa amenunua mabati ya shilingi 9,600, kwa sababu paa lilivuja. Sasa hakuwa na ushahidi. Alitozwa kodi hata kwa fedha hizo.

Mkewe akamwambia, "Baba Kadzo, nunua daftari."

Neno kodi lina maana mbili. Mpangaji hulipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hulipa kodi ya serikali. Usiandike "kodi" peke yake. Baada ya miezi 3 utajichanganya mwenyewe.

Huu ni ukurasa wake wa Machi:

ZILIZOINGIA
Chumba 1, 2, 3, 5 na 6: 17,500
Chumba 4: kitupu

ZILIZOTOKA
Kufuli na bawaba: 850
Rangi: 2,200

Chumba kitupu nacho huandikwa. Usipokiandika, mtu atauliza fedha zake ziko wapi.

Siku hizi Mzee Kazungu akinunua kitu humpa mwenye duka namba yake ya PIN. Tangu Januari 2024, risiti ya matumizi yanayopunguza kodi inatakiwa itoke katika mtambo wa eTIMS. Kikaratasi cha mkono hakitoshi. Akifika nyumbani huipiga picha kwa simu, kisha huibandika katika daftari. Hutunza daftari kwa miaka 5, kama sheria inavyotaka.

Matengenezo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Kujenga chumba kipya si matengenezo.

Tena kuna jambo la kuangalia. Mzee Kazungu anataka kujenga chumba cha 7. Vyumba 7 vitaingiza shilingi 294,000 kwa mwaka. Mwenye kupata zaidi ya shilingi 288,000, hadi milioni 15, hulipa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kuanzia Januari 2024 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Hutozwa juu ya kodi yote ya nyumba iliyoingia. Rangi na mabati havipunguzwi hapo.

"Kumbe!" alisema Mzee Kazungu. "Basi nipige hesabu kwanza, ndipo nimwite fundi."

MASWALI
1. Kwa nini risiti za Mzee Kazungu hazikumsaidia?
2. Mwezi wa Machi alibaki na shilingi ngapi?
3. Vyumba 7 vikijaa, atalipa serikali shilingi ngapi kwa mwezi?
4. Chora ukurasa kama wake. Andika fedha zilizoingia na kutoka nyumbani kwako wiki hii.