Mvuke wa Olkaria na Chai ya Roret

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika makala haya nataka kuwaeleza vile nchi yetu iliinama ikapata moto chini ya ardhi, na kwa nini moto huo haukaushi chai yetu hapa Roret.

Kwanza, jotoardhi ni nini? Katika Bonde la Ufa, miamba ya chini ni moto sana. Maji ya mvua yakipenya hadi huko huchemka. Wahandisi huchimba kisima cha kilomita mbili au tatu, mvuke ukatoka kwa nguvu na kuzungusha tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga mengi. Tabaini nayo huzungusha jenereta, na hapo ndipo stima hupatikana.

Kazi haikuwa rahisi. Visima vya kwanza vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, lakini havikufaulu. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981 ukitoa megawati 15 tu. Kufikia 1985 zilikuwa megawati 45. Mwaka wa 2014 ziliongezwa nyingine 280.

Faida yake ni gani? Mabwawa hutegemea mvua. Ukame wa 1999 na 2000 ulileta mgao wa stima nchini kote. Mvuke haujui kiangazi. Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na ila. Wamaasai waliohamishwa mwaka wa 2014 kupisha mtambo wa Olkaria walipeleka malalamiko yao mpaka Benki ya Dunia.

Sasa turudi kwetu. Majani ya chai yakifika kiwandani hunyaushwa na kukaushwa kwa joto la boila, na boila hula kuni. Mbona basi tusiletewe mvuke? Jibu ni kwamba stima husafiri kwa nyaya mamia ya kilomita, lakini joto la mvuke hupotea njiani. Wanaoweza kulitumia ni majirani wa visima. Huko Naivasha limewahi kupasha joto nyumba za maua, na huko Menengai limejaribiwa kuchemshia maziwa. Kugeuza stima iwe joto la kukaushia chai nako ni gharama kubwa, na gharama hiyo humwangukia mkulima kwenye bonasi.

Kwa hivyo tusidanganyike. Taa ya darasani yaweza kuwaka kwa mvuke wa Olkaria, na papo hapo chai inakaushwa kwa miti. Kila anayechuma chai na apande miti ya kuni, ila mikaratusi isikaribie chemchemi, maana hunywa maji mengi. Nanyi mnaopenda Fizikia na Jiografia, someni kwa bidii! Boila isiyohitaji kuni wala gharama kubwa bado inamngoja fundi wake.

Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.