Njano ya Msiba na Njano ya Faini: Mafunzo Niliyopata Nikisaka Seli kwa Rangi Zake

Kazi yangu hapa Kaloleni, Arusha, ni kuweka sawa mahesabu ya vikoba. Wateja wangu wengi ni akina mama wa biashara: wauza ndizi na parachichi wanaopokea mzigo kutoka Tengeru, wenye magenge, mama lishe, wauza mitumba. Vikundi vingi vimeshaliacha daftari vikaingia kwenye Excel, hasa baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kuviweka katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Mweka hazina anajaza hisa, jamii, mikopo na marejesho. Kisha anapaka rangi, kila mahali ambapo namba peke yake haisemi yote. Rangi hizo ndizo kumbukumbu za vikao, na ninaamini zinastahili kutunzwa kama zinavyotunzwa fedha zenyewe. Nimezisaka kwa makro muda mrefu sasa, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Muulize kwanza aliyepaka

Faili la kikundi kimoja lilikuwa na njano mbili, moja kali na nyingine iliyopauka. Nilimwendea mweka hazina gengeni kwake.

"Shikamoo, mama. Hizi njano zote ni za wadaiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Hiyo iliyopauka ni ya msiba. Huyo alifiwa na mumewe, tukakubaliana marejesho yake yasogezwe mpaka arobaini ipite, bila faini. Hii kali ndiyo ya faini."

Zikichanganywa hizo mbili, mjane anakatwa faini siku ya kuvunja kikoba, mbele ya wenzake waliokaa wakakubaliana kumsitiri. Habari hiyo haikuandikwa popote ndani ya faili. Ilikuwa kichwani mwa mama na kwenye ile rangi, basi.

2. Kwa Excel, rangi ni namba

Jicho linasema "njano". Excel inasema 65535 kwa njano kali na 13431551 kwa ile iliyopauka. Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua kiasi cha nyekundu, ukajumlisha kijani mara 256 na bluu mara 65536. Ile rangi inayokaribia chungwa, ambayo watu wengi nao huiita njano, ni 49407. Ukiiagiza makro itafute 65535, hizo nyingine itazipita kama hazipo.

Kwa hiyo makro yangu ya kwanza haitafuti kitu. Inapita seli zote zilizotumika, inasoma Interior.Color ya kila moja, halafu kwenye shiti mpya inaandika kila rangi iliyokutana nayo, idadi ya seli zake na anwani ya seli ya kwanza. Orodha hiyo naichukua tunakaa na mweka hazina, ananiambia maana ya kila rangi, na hapo ndipo huibuka mambo ambayo hata mwenyekiti alishayasahau. Ningeshauri mtu yeyote anayepokea faili la mwenzake aanzie hapo.

Kuna mtego mmoja. Seli isiyopakwa kitu na seli iliyopakwa nyeupe zote zinajibu 16777215. Ili kuzitenganisha, uliza ColorIndex: isiyopakwa itajibu -4142. Na nyeupe ya kupakwa usiipuuze, maana wapo wanaoitumia kufuta deni lililolipwa.

3. Njia fupi ijaribiwe kabla ya makro

Bonyeza Ctrl na F, fungua Options, kisha Format, uchague rangi kwenye Fill peke yake. Find All itakuletea orodha nzima. Usiwe mwepesi wa kuchukua mfano kutoka kwenye seli yenyewe, kwa sababu Excel itabeba pia aina ya herufi, mipaka na mpangilio, na seli yenye rangi ileile lakini herufi tofauti haitaonekana. Kuchuja kwa rangi nako kupo tangu Excel ya 2007, ila safu moja huchujwa kwa rangi moja tu kwa wakati. Kwa shiti moja inatosha. Kikoba chenye shiti ya kila mwezi ndicho kinachodai makro.

Ukimaliza, safisha muundo uliochagua. Unabaki pale, na atakayefuata kutafuta jina la mwanachama ataambiwa halipo, wakati analiona kwa macho yake. Ndani ya makro ni hivyohivyo: Application.FindFormat.Clear iwe mstari wa kwanza. Na FindNext usiitegemee, maana haifuati muundo uliouweka. Ita Find upya kila mara, ukiipa seli ya mwisho iliyopatikana ianzie hapo.

4. Rangi ya mkono na rangi ya sharti

Wapo waweka hazina vijana wanaoweka sharti: tarehe ya marejesho ikipita, seli igeuke nyekundu yenyewe. Nyekundu hiyo Interior.Color haiioni. Tangu Excel ya 2010 unaisoma kwa DisplayFormat. Mimi mara nyingi siisaki kabisa, kwani sharti lenyewe lipo na naweza kuuliza tarehe na salio moja kwa moja. Rangi ya mkono ndiyo inayostahili jasho, kwa kuwa nyuma yake kuna uamuzi wa kikao.

5. Angalia na herufi

Jina lililokatwa mstari ni mwanachama aliyejitoa, Font.Strikethrough inalikamata. Likikatwa nusu tu, jibu ni Null, kwa hiyo ipe makro njia ya kulipokea.

6. Geuza rangi iwe neno

Hapa ndipo kazi yote inapoelekea. Nikishajua maana za rangi, makro inaongeza safu iitwayo Hali na kuandika "msiba", "faini" au "amejitoa" mbele ya kila jina husika. Karatasi nyingi za vikundi huprintiwa na kutolewa fotokopi kwa wino mweusi, na hapo njano zote mbili huishia kuwa kivuli kimoja hafifu. Faili likihifadhiwa kama CSV, rangi hazibaki hata moja. Kikundi kinachoomba mkopo wa ile asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, kinatakiwa kijieleze kwa karatasi mbele ya watu ambao hawakuwapo kikaoni.

Faida nyingine ni hesabu. COUNTIF na SUMIF husoma maneno bila shida. Nimeona watu wakitunga fomula ya kuhesabu rangi, lakini kubadili rangi hakuifanyi Excel ikokotoe upya, kwa hiyo jumla hubaki ya jana huku rangi ni za leo.

Rangi za mama siziondoi. Yeye anasoma kitabu chake kwa hizo.

7. Nakala kwanza

Makro ikishabadilisha shiti, Ctrl na Z haikurudishi ulikotoka. Tengeneza nakala ya faili kabla hujaiendesha. Faili lenye makro lihifadhiwe kama .xlsm, lakini Excel ya simu haiziendeshi, na wanachama wengi wana simu tu. Tena tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na zuio hilo lisiondolewe kama hujui aliyeziandika. Ndiyo maana makro zangu nazihifadhi kwenye Personal.xlsb, ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na mweka hazina namrudishia .xlsx ya kawaida inayofunguka kwenye simu, rangi zake zikiwa zilezile na safu ya Hali ikiwa imejazwa.