Maradhi ya Baada ya Kutokwa na Manii: Yasifichwe kwa Haya

Ndugu wasomaji, yako mambo ambayo mtu huona haya kuyataja hata mbele ya tabibu, akakaa nayo miaka mingi yakimla ndani kwa ndani. Somo letu la leo ni juu ya moja katika mambo hayo. Twajua ya kuwa wako watakaouliza kwa nini maneno kama haya yaandikwe katika karatasi isomwayo majumbani. Jawabu yetu ni kuwa Ummu Sulaym, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamwuliza habari za mwanamke aotaye kama aotavyo mwanamume, je, yampasa josho? Mtume hakumkemea wala hakumfukuza, alimjibu. Basi likiwa swali hilo liliulizwa na likajibiwa, hatuoni kwa nini mgonjwa wa leo anyamaze.

MARADHI YENYEWE

Mtu huwa mzima, hana homa wala kikohozi. Kisha hutokwa na manii, iwe ni kwa kuwa na mkewe, au kwa ndoto usingizini, au kwa mkono wake mwenyewe. Papo hapo, au baada ya dakika chache, au baada ya saa chache, mwili humgeuka. Huhisi kama aliyeshikwa na mafua makali: misuli hulegea, mwili hupanda joto au hutoka jasho, pua huziba au huchuruzika, macho huwasha, na nguvu zote humwisha. Tena maradhi haya hugusa akili: mtu husahau alilokuwa akilijua, husoma ukurasa mmoja mara tatu asiufahamu, maneno humkorogeka kinywani, na hasira humpanda kwa jambo dogo. Si lazima apatwe na yote hayo. Mwingine hupatwa na machache.

Hali hiyo hukaa siku 2 hata 7, kisha huondoka yenyewe. Mtu akitokwa na manii tena, hurudi. Na hii ndiyo alama ya kuyapambanua maradhi haya na uchovu wa kawaida: uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi, na haya hayaondoki, tena hayaji mara moja moja, bali huja kila mara au karibu na kila mara.

YALIANDIKWA LINI

Mwaka 2002 matabibu wawili wa Uholanzi, Marcel Waldinger na Dave Schweitzer, waliandika habari za wanaume wawili waliokuwa na shida hii, na maradhi yakapata jina. Matabibu huyataja kwa herufi nne: POIS. Hapana shaka wagonjwa walikuwako tangu zamani. Lililokuwa halipo ni jina. Na mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna jina huambiwa na kila mtu kuwa ni mawazo yake tu.

Mwaka 2011 Waldinger na wenzake waliandika tena, mara hii juu ya wanaume 45 wa Kiholanzi. Katika kila 100 ya watu kama hao, 87 walianza kuugua kabla ya nusu saa kupita. Wako ambao maradhi yaliwaanza walipobaleghe, na wako ambao yaliwazukia ukubwani baada ya miaka ya uzima. Maradhi haya ni nadra, na wengi walioandikwa habari zao ni wanaume.

SABABU YAKE

Waldinger aliona kuwa asili yake ni mzio, yaani mwili kukipiga vita kitu kisicho adui. Na kitu chenyewe hapa ni manii ya mtu mwenyewe. Alizimua manii ya kila mgonjwa kwa maji mengi, akawachoma kidogo juu ya ngozi. Katika watu 33 waliokubali kujaribiwa hivyo, 29 ngozi zao zilivimba. Kisha akawatibu wawili kwa kuwadunga sindano za manii hayo yaliyozimuliwa, akiongeza kidogo kidogo ili mwili uyazoee. Hawakupona kabisa, lakini wote wawili walipata nafuu kubwa, na nafuu hiyo haikuja kwa siku mbili. Ilichukua zaidi ya mwaka.

Hata hivyo matabibu hawakuafikiana. Mwaka 2015 wengine waliandika habari za mgonjwa mmoja wa Kichina, wakasema hawakuona ushahidi wa mzio wa namna hiyo. Wako wanaodhani kuwa asili yake ni katika mishipa ya fahamu. Basi mambo yalivyo mpaka sasa, ugonjwa wenyewe umethibiti, lakini sababu yake bado yatafutwa. Na kutojulikana kwa sababu si hoja ya kumwambia mgonjwa kuwa haumwi.

YASIYOKUWA SABABU

Hapa ndipo penye madhara makubwa katika miji yetu. Chukueni mfano wa bwana harusi aliye katika fungate yake. Siku ya pili hawezi kuinuka, mwili wamtetemeka, hana neno la kumwambia mtu. Nyumba nzima hunong'ona: ametupiwa jicho, amefungwa, biharusi ana pepo. Mganga huitwa, makombe huandikwa, hirizi huvaliwa, fedha hutoka. Baada ya siku tano bwana harusi ainuka, na mganga asifiwa. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa maradhi haya huondoka yenyewe kwa siku 2 hata 7. Angeinuka hata kama mganga hakuitwa. Kisha yakirudi, mganga huitwa tena.

Liko na jambo la pili, nalo humpata zaidi kijana. Huona kuwa ugonjwa huu ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa kosa alifanyalo faraghani, kwa hiyo hukata tamaa na hujificha na watu. Twamwambia kijana huyo atazame kwa akili. Maradhi haya humpata mtu aliyeota naye amelala, na aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke. Tena humpata mume aliye na mkewe wa halali. Je, adhabu gani hii imshukiayo asiye na kosa sawa na mwenye kosa? Mwenye dhambi na atubie dhambi yake, na mwenye maradhi na ayatafutie dawa, wala asiyachanganye mambo mawili haya.

LA KUFANYA MGONJWA

Kwanza, na achukue daftari aandike kwa muda wa miezi miwili au mitatu: siku aliyotokwa na manii, saa alipoanza kuugua, alivyohisi, na siku alipopona. Daftari hili litamfaa kuliko maelezo ya saa nzima, maana tabibu ataona kwa macho yake kuwa mawili hayo hufuatana.

Pili, na aende kwa tabibu na daftari lake, na amtajie zile herufi nne, kwani si kila tabibu amepata kukutana nazo. Asione aibu wala tabibu asione dharau. Tabibu atamchunguza kama hana ugonjwa mwingine unaofanana na huu.

Tatu, ajue kuwa haijathibiti dawa moja imfaayo kila mgonjwa. Wako waliopata nafuu kwa dawa za kuzuia mzio, wako waliofaidika na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, na wako ambao hawakupata faida. Haya yajaribiwe mbele ya tabibu, si kwa kununua vidonge dukani kwa kubahatisha.

Nne, wagonjwa wengi huipanga faragha yao kwa hesabu, wakachagua wakati ambao siku zinazofuata hazina safari wala kazi nzito wala mtihani.

Tano, na hili ni la kila mtu: akishikwa na maumivu ya kichwa ya ghafula, makali kama radi, wakati ule wa tendo lenyewe, asikae akingoja yapite. Hilo ni jambo jingine, huenda likawa ni damu kuvuja katika ubongo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

JOSHO NA SAUMU

Mgonjwa huyu huuliza: nami nina janaba, mwili wote una baridi, nifanyeje? Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akaota. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawalaumu kwa kutoa hukumu wasioijua ilhali walikuwa na njia ya kuuliza. Basi akiweza kuoga kwa maji ya moto na asidhurike, na aoge. Akichelea maji yatamzidishia ugonjwa, dini imempa tayamamu. Asiyeweza kusimama husali ameketi. Na kuota mchana wa Ramadhani hakuvunji saumu. Lakini akizidiwa na ugonjwa baada yake, ana ruhusa ya mgonjwa, atakula na kulipa.

MKE NA JAMAA

Kunyamaza kwa mume huzaa dhana. Mke aonaye mumewe akimkimbia wiki nzima hudhani hapendwi, au yuko mwanamke mwingine, au yeye ndiye mwenye kisirani. Nyumba huweza kuvunjika, na wote wawili hawakufanya kosa. Lau mume angemwambia mkewe maneno machache, kwamba mwili wangu huniuma baada ya jambo hili, wala si wewe, mzigo ungekuwa wa wawili. Na mke akiambiwa, asiipeleke siri hiyo kwa shoga wala kwa mama mkwe, kwani siri ya kitanda ni amana. Vilevile mchumba aliye na maradhi haya asingoje usiku wa harusi ndio wayajulie. Na ayaseme mapema, kwa adabu, kwa yule atakayeishi naye.

Na ninyi wazee, na masheikh, na mafundi wa kuwafunda maharusi, akiwajia kijana akasema maneno haya kwa kuinamisha kichwa, msimcheke wala msimwambie ni uvivu. Msikilizeni mpaka amalize, kisha mwelekezeni kwa tabibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie tuwe wa kuuliza tusilolijua. Wabillahi tawfiq.