Paka aliyeungua na somo nililolifundisha

HADITHI ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka nimeifundisha miaka mingi. Imesimuliwa na Ibn Umar (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Wanafunzi wangu wanaijua kwa moyo. Mimi, kumbe, nilikuwa sijaisoma vizuri.

Nyumbani kwetu tulikuwa na paka wa kukamata panya. Usiku nilimfungia katika chumba cha vitabu, asubuhi namfungulia aende zake. Chakula hatukumpa. Niliona kwamba panya wanamtosha, na akishiba hatawinda. Siku moja baada ya Adhuhuri alirudi akilia, mgongo na mguu wa nyuma vimeungua. Alikuwa ameparamia samaki wa mama ntilie wa jirani, akamwagiwa maji ya moto.

Nilimkasirikia yule mama. Kisha nikaikumbuka hadithi, nikanyamaza. Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba mwanamke yule alimpiga paka. Kosa lake ni kwamba alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Mimi nilimfungia usiku kucha, na mchana nikamwachia mzigo jirani. Nani aliyemfikisha kwenye samaki wa watu?

Tulimmiminia maji safi ya bomba kiasi cha dakika kumi. Mke wangu alitaka kumpaka dawa ya meno, mimi nikashika nusu kidonge cha paracetamol. Alhamdulillah nilimpigia kwanza daktari wa mifugo, akanizuia kwa ukali. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa ile kama letu, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya meno nayo inalichokoza jeraha. Alikuja, akanyoa manyoya, akasafisha, akampa sindano na krimu ya majeraha ya moto. Tukamvisha kola ya boksi shingoni asijilambe. Kila siku nilibadilisha kitambaa alicholalia, nikamlisha supu ya dagaa isiyo na chumvi. Siku mbili za kwanza alikataa kula, nikadhani tumempoteza.

Kuhusu twahara, wapo walioniuliza. Mabaki ya paka si najisi: Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, na alipoona mkwewe Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Damu ya jeraha ni jambo jingine, kwa hiyo kanzu ya swala niliiweka mbali.

Jirani mmoja alinisema waziwazi: watu wanakosa pesa za hospitali, wewe ustadhi unamtibu paka? Swali lake si la kubeza. Angekuwapo mgonjwa mlangoni kwangu na pesa ni zile zile, ningemtanguliza mtu. Lakini hakuwapo, na yule paka alikuwa dhima yangu, si sadaka. Imam Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameandika katika Qawa'id al-Ahkam kwamba katika haki za mnyama juu ya mwenyewe ni kumgharimia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutonufaisha tena. Siye tuliyezoea kumtupa paka sokoni akichoka tuisome sehemu hiyo polepole.

Kwa mama ntilie nilikwenda siku ya tatu, nikamlipa samaki wake. Alistaajabu, maana alidhani nimekuja kugombana. Tangu hapo hunitengea vichwa vya samaki.

Baada ya mwezi hivi manyoya yalianza kuota, ila mguu haukunyooka tena. Anachechemea. Mwanafunzi wangu mdogo alimtazama akauliza, "Ustadhi, sasa panya watakamatwa na nani?" Nikamwambia nimeshanunua mtego.